Mkato wa Kiingereza: Kutoka Pumzi Hadi Maana

Alama ndogo ambayo Waingereza huiita kwa jina la Kiyunani, sisi tuliipa jina la kwetu: mkato. Wengine husema koma, na majina haya mawili yamekutana katika maana moja, kwani neno la Kiyunani komma linatokana na kitenzi cha kukata. Komma ni kipande kilichokatwa. Mswahili aliyechagua kusema mkato hakukosea hata kidogo. Na kazi nzima ya kuweka alama hizi tumeiita kuakifisha, neno lisiloficha nasaba yake na waqfu ya Kiarabu, yaani kusimama. Hivyo, katika maneno mawili tu ya Kiswahili, yamehifadhiwa mambo mawili yaliyoshindana kwa zaidi ya miaka elfu mbili: kukata maana na kusimamisha sauti.

Sisi tunaoishi ughaibuni na kuandika Kiingereza kila siku, barua za kuomba kazi, insha za chuo, maelezo ya kupeleka kwa mwanasheria, tunaujua ugomvi huu hata kama hatujapata kuupa jina. Karatasi hurudi na mikato yetu imezungushiwa wino mwekundu. Tunauliza kosa ni lipi, maana hapo ndipo tulipovuta pumzi tulipoisoma sentensi. Tunajibiwa kwamba Kiingereza hakiakifishwi kwa pumzi. Jibu hilo ni sahihi kwa siku ya leo, lakini mtu akilichukulia kuwa ni la tangu na tangu, atakuwa amedanganyika. Kwa sehemu kubwa ya umri wake, mkato wa Kiingereza ulikuwa mtumishi wa pumzi. Namna ulivyobadilisha bwana, na gharama walizolipa watu njiani, ndiyo habari ya makala haya.

Hapo kale Wayunani na Warumi waliandika maneno yakiwa yameshikamana, bila nafasi baina ya neno na neno. Msomaji ndiye aliyepasua. Kusoma, aghalabu, kulikuwa ni kusoma kwa sauti, na aliyesimama mbele ya watu ilimpasa aipitie hati mapema, ajue atakata wapi. Karibu na mwaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria, aliweka utaratibu wa nukta zilizowekwa katika vimo vitatu, kila kimo kikionyesha kipumziko cha urefu wake. Kipande kifupi cha maneno kiliitwa komma, kirefu zaidi kiliitwa kolon, na fungu zima lililokamilika liliitwa periodos. Tuangalie vizuri: komma halikuwa jina la alama bali la kipande chenyewe. Alama ilikuja kurithi jina la kile ilichokikata.

Mabadiliko makubwa yaliyofuata hayakuletwa na wenye lugha bali na wageni wake. Katika karne za 7 na 8, watawa wa Ireland walinakili vitabu vya Kilatini kwa bidii kubwa, lakini Kilatini hakikuwa lugha ya mama zao. Hawakukisikia sokoni wala jikoni. Walikipata kwa macho, kutoka kwenye ngozi iliyoandikwa. Mrumi wa kale aliweza kuyapasua maneno yaliyoshikamana kwa sababu sikio lake lilikwisha kuyajua. Mtawa wa Ireland hakuwa na msaada huo. Basi wakaanza kuacha nafasi baina ya maneno, na kuzidisha alama za kuonyesha fungu linaishia wapi. Nafasi nyeupe tunayoiacha leo baina ya neno na neno ilipata nguvu mikononi mwa watu waliokuwa wakijifunza lugha ya wengine. Hilo si jambo dogo kwa yeyote aliyewahi kuonewa haya kwa sababu ya kuandika katika lugha ya kujifunza.

Katika hati za Kiingereza za zama za kati, kazi ya mkato ilifanywa zaidi na kistari cha mlazo, kama hiki: /. William Caxton, aliyefungua kiwanda cha kwanza cha chapa nchini Uingereza, huko Westminster, mwaka 1476, alikitumia katika vitabu vyake. Miaka ishirini baadaye, huko Venice, mchapaji Aldus Manutius na mchonga herufi wake Francesco Griffo walikuwa wakitengeneza maumbo mapya. Katika kitabu kidogo cha Pietro Bembo kuhusu mlima Etna, kilichotoka mwaka 1496, nuktamkato ilionekana kwa mara ya kwanza. Na kile kistari cha mlazo kikafupishwa, kikateremka hadi kwenye msingi wa mstari, kikapindwa mkia. Umbo hilo likasafiri kaskazini, na katika karne ya 16 likaenea katika vitabu vya Kiingereza.

Umbo lilikuwa jipya. Kazi ilikuwa ileile ya kale. George Puttenham, katika kitabu chake cha mwaka 1589 juu ya sanaa ya ushairi wa Kiingereza, alieleza kwamba mkato ni kipumziko kifupi kuliko vyote, na kwamba koloni huchukua muda wa mikato miwili. Maelezo hayo yanakaribia elimu ya muziki kuliko sarufi. Ben Jonson, mtunzi wa tamthilia aliyefariki mwaka 1637, aliacha kitabu cha sarufi ya Kiingereza kilichochapishwa mwaka 1640, naye pia aliufafanua mkato kwa kutaja pumzi. Waigizaji, wahubiri na mawakili ndio waliokuwa wakitumikiwa na alama hizi. Ilikuwa haki kwa mwandishi wa zama hizo kuweka mkato pale mapafu yalipohitaji hewa.

Msomaji aliyepitia chuo cha Kurani atatambua hapa tofauti moja yenye kufundisha. Mtoto anayefundishwa tajuwidi huambiwa mapema kwamba hasimami popote pumzi inapomwishia. Ziko alama za waqfu, na kila alama ina hukumu yake: hapa ni lazima usimame, hapa unaruhusiwa, hapa usisimame. Pumzi ikikatika pasipostahili, msomaji hurudi nyuma na kuunganisha. Katika aya ya pili ya Suratul-Baqara alama ya nukta tatu imewekwa mahali pawili. Anayesimama pa kwanza haachiwi kusimama pa pili, kwa kuwa kila kisimamo kinayapanga maneno upya. Wanazuoni wa elimu hiyo walikuwa wameamua zamani kwamba pumzi ni mfuasi na maana ni imamu. Waingereza walilifikia jambo hilo kwa njia ndefu zaidi, na bila ya mwalimu mmoja wa kuwaongoza.

Katika karne ya 18 wasomaji waliongezeka, na wengi wao walisoma kimyakimya, kila mtu na kitabu chake. Waandishi wa sarufi wakajitokeza kuwawekea sheria. Aliyesomwa kuliko wote alikuwa Lindley Murray, mwanasheria Mmarekani aliyehamia York, ambaye sarufi yake ya mwaka 1795 ilichapishwa tena na tena pande zote mbili za Atlantiki. Walimu hawa walijaribu kutumikia mabwana wawili kwa wakati mmoja. Walieleza sehemu za sentensi, lakini hawakuiacha pumzi. Matokeo yake ni sentensi zilizojaa mikato kupita kiasi: kiima kirefu kilitengwa na kitenzi chake kwa mkato, kwa sababu tu msemaji alihitaji kupumua kabla ya kuendelea.

Mfano mashuhuri ni Rekebisho la Pili la Katiba ya Marekani, lililoidhinishwa mwaka 1791, lile linalohusu silaha. Hati rasmi ina mikato mitatu katika sentensi moja fupi. Baadhi ya nakala za zama hizo zina mmoja tu. Mwalimu wa leo angeifuta angalau miwili. Watu wa karne ile hawakuona ajabu, kwani kwao mkato ulikuwa adabu ya sauti. Lakini mwaka 2007 mahakama ya rufani ya Washington, katika kesi iliyofika Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka uliofuata, iliutaja mkato wa pili kuwa ndio unaoigawa sentensi katika sehemu mbili. Alama iliyowekwa kwa kanuni ya zama moja ilikuwa ikisomwa kwa kanuni ya zama nyingine, na suala lililokuwa mezani lilikuwa ni nani anaruhusiwa kuweka bastola nyumbani kwake.

Si kila mtu alizinyenyekea sheria hizo. Timothy Dexter, mfanyabiashara wa Newburyport, Massachusetts, alichapisha mwaka 1802 kitabu juu ya mambo yake mwenyewe bila alama yoyote ya uakifishaji. Watu walipolalamika, aliongeza katika toleo jingine ukurasa uliojaa mikato na nukta tupu, akawaambia wasomaji wajinyunyizie wenyewe kama chumvi na pilipili. Watu walicheka, na bado wanacheka. Hata hivyo, Dexter aligusa neno la kweli: wakati huo mikato mingi vitabuni haikuwa ya waandishi bali ya wapanga chapa, ambao waliinyunyiza kwa kadiri ya mazoea ya kiwanda chao.

Wanasheria wa Uingereza walilijua hilo siku nyingi, na ndiyo maana hawakuiamini alama hii. Kwao sheria ilikuwa ni maneno yaliyopitishwa na Bunge. Mkato ulikuwa kazi ya karani. Walifuata hata mtindo wa kuandika hati za nyumba na mashamba bila mikato, ili asitokee mtu wa kujenga shauri juu yake. Kisha ikaja siku ambayo uhai wa mtu ulining'inia hapo.

Roger Casement alizaliwa Ireland, akawa balozi mdogo wa Uingereza katika nchi mbalimbali za Afrika. Mwaka 1903 alisafiri ndani ya Kongo ya Mfalme Leopold, na ripoti yake iliyotolewa mwaka 1904 iliutangazia ulimwengu mateso ya watu waliolazimishwa kuleta mpira. Alipewa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1911. Lakini moyo wake ulikuwa umegeukia uhuru wa nchi yake. Vita vilipoanza mwaka 1914 alikwenda Ujerumani, akajaribu kuunda kikosi kutokana na mateka Waireland waliokuwa wakishikiliwa huko. Aprili 1916 aliteremshwa na nyambizi ya Kijerumani kwenye pwani ya Kerry, akakamatwa siku hiyohiyo, akafunguliwa mashtaka ya uhaini jijini London.

Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani, wakati mkato kama tuujuavyo haujazaliwa. Ilisema kwamba ni mhaini yule anayeambatana na maadui wa mfalme ndani ya milki yake akiwapa msaada na faraja ndani ya milki yake au kwingineko. Swali likawa: maneno “au kwingineko” yanashikamana na nini? Wakili wa Casement, A. M. Sullivan, alidai kwamba kosa la kuambatana na adui ni lazima litendeke ndani ya milki ya mfalme. Casement alikuwa Ujerumani, basi sheria haimgusi. Upande wa mashtaka ulidai kwamba maneno “akiwapa msaada na faraja ndani ya milki yake” ni maelezo ya katikati tu, kama yaliyofungwa kwa mikato miwili, na kwamba “kwingineko” inarudi nyuma hadi kwenye kuambatana kwenyewe. Mtu anaweza kuwa mhaini akiwa popote.

Majaji wawili wa Mahakama ya Rufani ya Jinai, Darling na Atkin, walikwenda wenyewe kwenye hifadhi ya nyaraka kuikagua hati ya asili. Fikiria wazee wawili wa sheria wameinamia ngozi yenye umri wa karne tano na nusu, wakitafuta alama ya kalamu. Rufani ilikataliwa, na Casement alinyongwa katika gereza la Pentonville tarehe 3 Agosti 1916. Tangu hapo umebaki usemi kwamba alinyongwa kwa mkato. Usemi huo umetia chumvi. Majaji hawakuamua kwa alama. Waliegemea ufafanuzi wa wanasheria wa karne zilizotangulia, Edward Coke akiwa wa mbele, ambao tayari walikuwa wameisoma sheria ile kwa namna ya mashtaka. Lakini usemi umedumu kwa sababu unaonyesha jambo la kweli. Yale mabishano yote yalihusu maana. Hapakuwa na aliyeuliza karani wa mwaka 1351 alivuta pumzi wapi.

Kufikia wakati huo mageuzi yalikuwa yamekamilika hata nje ya mahakama. Mwaka 1893 kiwanda cha chapa cha Chuo Kikuu cha Oxford kiliweka kanuni zilizokusanywa na Horace Hart kwa ajili ya wapanga chapa wake, na mwaka 1906 ndugu wawili wa ukoo wa Fowler walitoa kitabu chao cha kufundisha Kiingereza safi. Mafundisho ya jumla yalikuwa haya: mikato iwe michache, na kila mmoja ujue unafanya kazi gani. Mkato usimtenge mtenda na kitendo chake, hata kama kiima ni kirefu kiasi gani. Mapafu yakadaiwa subira.

Ni katika zama hizi ndipo mkato ulipopata uwezo wa kubadilisha maana bila neno hata moja kubadilika. Tuchukue mfano wa wasia, kwa kuwa wengi wetu tumefika umri wa kuuandika. Mzee ana watoto watano: wawili wako Mombasa, watatu wako Birmingham. Anaandika: “My children who live in Mombasa shall inherit the house.” Bila mkato, nyumba ni ya wale wawili tu. Akiandika: “My children, who live in Mombasa, shall inherit the house,” Kiingereza kinasema kwamba watoto wake wote ni warithi, na kwamba wote, kwa taarifa tu, wanaishi Mombasa. Mikato miwili imewaingiza watatu nyumbani, au imewaingiza watano mahakamani. Kiswahili hakina mtego huu kwa ukali uleule, kwani tukisema “wanangu wanaoishi Mombasa” msikilizaji huamua kwa kumjua msemaji. Kiingereza cha maandishi kinamdhania msomaji kuwa ni mtu asiyemjua mzee wala wanawe.

Mfano wa karibu zaidi ni wa madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst, katika jimbo la Maine. Sheria ya jimbo ilitaja kazi zisizolipiwa saa za ziada: kusindika, kuhifadhi, kugandisha na nyinginezo, na mwisho wake ikaandikwa, bila mkato, “packing for shipment or distribution.” Je, usambazaji ni kazi ya peke yake, au ni ufungashaji ndio uliotajwa, uwe wa kusafirisha au wa kusambaza? Madereva walisambaza lakini hawakufungasha. Mwongozo wa watunga sheria wa jimbo hilo uliwafundisha wasiweke mkato kabla ya kitu cha mwisho katika orodha, ule ambao watu huuita mkato wa Oxford. Machi 2017 mahakama ya rufani iliamua kwamba maneno yale yana utata, na kwa kuwa sheria za kazi za Maine hutaka utata umnufaishe mfanyakazi, madereva walishinda. Mwaka 2018 shauri lilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5. Bunge la jimbo nalo likaiandika upya orodha yake kwa nuktamkato, kila kazi na chumba chake.

Limebaki kosa moja ambalo husahihishwa kwetu kuliko yote, na chanzo chake si uvivu. Kiswahili husema: “Alifika, akaketi, akaomba maji.” Hakuna kiunganishi, wala hakihitajiki, maana kiambishi -ka- kimebeba kamba ya kufungia kitendo kwa kitendo. Mkato hapo unapumzisha tu; uzito umebebwa na sarufi. Mswahili anapohamia kwenye Kiingereza huuchukua mkato na kuiacha -ka- nyuma, kwa kuwa Kiingereza hakina mahali pa kuiweka. Anaandika: “He arrived at the office, he asked for the manager.” Mwalimu anauona mkato uliopewa kazi ya kuunganisha sentensi mbili kamili, kazi isiyo yake. Dawa ni kumpa msaidizi, “and” au mfano wake, au kuweka nukta au nuktamkato. Anayejua kwamba anatafuta mbadala wa -ka- hatausahau upesi, kuliko anayeambiwa tu kwamba amekosea.

Kiswahili chenyewe kiliazima mkato huu kilipoanza kupigwa chapa kwa herufi za Kilatini katika karne ya 19. Kabla ya hapo, katika hati za tenzi za herufi za Kiarabu, wanakili waliweka vialama vya kutenganisha kipande na kipande, na mizani ikafanya mengine. Kwetu, basi, alama ya kukata ilianza kwa kutumikia sauti, kama ilivyokuwa Alexandria na kama ilivyokuwa London ya Puttenham. Anayeweka mkato pale anapovuta pumzi anafuata kanuni ya kale yenye heshima zake. Kasoro yake ni kwamba karatasi yake inakwenda kusomwa na watu wa kanuni nyingine, na karatasi haitaondoka na sauti yake.

Ndiyo maana ni vyema sentensi ya Kiingereza isomwe mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti, kama walivyosoma wote waliotutangulia, ili ijulikane kama inasemeka. Mara ya pili kimya, kwa macho ya mgeni, na katika kila mkato liulizwe swali moja: ukiondolewa huu, ni nani atakayepoteza kitu? Watawa wa Ireland walisoma hivyo kwa sababu hawakuwa na njia nyingine, na msomaji wa wasia wa yule mzee, siku atakapokuwa hayupo wa kuulizwa, naye hatakuwa na njia nyingine.